Salama ya Rai kwenye Simu ya Upepo

Baba yangu, Boga Chirau, alikuwa karani wa simu ya upepo, ile redio ya kuzungumzia bila waya, katika ofisi ya kampuni ya mkonge, Msambweni. Shamba lenyewe lilikuwa bara, upande wa Mackinnon Road. Huko aliyeitikia simu ni Rai Mwero, mlinzi wa ghala, aliyekaa peke yake. Baba hakuwahi kumwona hata siku moja, lakini urafiki wao ulikuwa wa kufa na kuzikana.

Mwaka wa 1956 meneja alileta simu za aina mbili, zijaribiwe wiki moja moja, anunue iliyo bora. Ya kijivu ilikuwa nzito kama gunia la chumvi na bei yake maradufu, ila betri yake ilistahimili. Wiki hiyo Baba na Rai walijuliana hali mpaka za mbuzi. Nilikuwa mdogo, nikikaa dirishani kuwasikiliza, na hadi leo naikumbuka ile sauti ya Rai ikicheka.

Ya kijani ilikuwa ya bei rahisi na betri yake ilichoka upesi, lakini meneja alikwisha kuipenda. Alidhani salamu ni kupoteza wakati, na sijamsamehe.

Jumatano ya wiki ya pili Baba aliita.

"Rai, habari za huko?"

"Salama, Boga..."

Betri ikazimika. Meneja akaandika: bara salama, mashine yafaa.

"Hajamaliza, Bwana," Baba alimwambia. "Kwetu salama hutangulia, hata nyumba ikiwa inawaka moto. Shida husemwa baadaye."

Meneja akacheka. Baba akapanda lori la kampuni lililokuwa likienda shambani, bila ruhusa.

Alimkuta Rai sakafuni, mguu umevimba kwa kuumwa na nyoka.

"Wa nyumbani hawajambo?" Rai aliuliza kwanza.

"Hawajambo, ndugu yangu. Haya, malizia sasa."

Rai alipona, ingawa alichechemea maisha yake yote. Meneja akanunua ya kijivu, kimya kimya.

Miaka mingi baadaye, nikiwa na kazi na simu yangu mwenyewe Mombasa, nilimpigia Baba na kumuuliza hali.

"Salama, Mwanatumu," alisema, akanyamaza kidogo.

Nilikuwa na haraka, nikakata. Alifariki kesho yake alfajiri.