Mishale ya Shabani

Juzi, nyuma ya mashine yangu ya kukoboa mpunga pale Ikwiriri, mama anayetuuzia chakula alikuwa anababua kuku. Harufu ya manyoya yanayoungua ikanipanda puani, nikasahau kwamba nilikuwa katikati ya kumfokea dereva. Kwangu mimi hiyo si harufu ya kuku. Ni harufu ya baba anatengeneza mishale.

Ndugu zangu, mnaonijua mnajua sijisifu bure. Shule niliishia darasa la nne, na leo wenye vyeti vyao wanakaa kwenye benchi langu wakingoja zamu ya kukoboa. Mashine ninazo mbili, lori ninalo, na nyumba yangu ukiwa barabarani unaiona kabla hujauona msikiti. Basi nikisema kuna mtu namwonea wivu mpaka leo, mtadhani ni tajiri wa Dar. Ni Shabani, mkulima wa Mtunda, baiskeli yake breki ni kisigino.

Shabani ni ndugu yangu kwa baba. Mama yangu ndiye mke mkubwa, mama yake ndiye mdogo. Nilimzidi miezi minne tu, lakini hiyo miezi minne niliitembeza kijijini kama cheo. Tatizo ni kwamba mwili haukujua habari hiyo. Tulipofika miaka kumi na mmoja yeye alikuwa na mabega ya mpiga makasia, mimi nilikuwa bua la ufuta. Na ndivyo alivyoniita: "We Bua, njoo tukaoge!"

Msimu wa mavuno tulihamia bondeni, kila mama na shamba lake, na kila shamba na dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti cha kulindia. Mashamba yale mawili yaligawanywa na mstari wa migomba tu. Mimi nililinda la mama, Shabani la mama yake. Adui yetu alikuwa tumbili, na tumbili anajua mahindi yamekomaa kabla ya mwenyewe. Mahindi ya shamba moja yakiliwa na ya jirani yakapona, nani asingeona? Mama alinitolea maneno kabla hata hatujafungua mizigo. "Mwanangu, usije ukanifanya nichekwe. Watasema mke mkubwa kazaa mlinzi wa mdomo."

Baba akatutengenezea pinde za mti wa mkole, kisha mishale ya matete. Hiyo kazi ya mishale, ungemwona! Tete alilizungusha juu ya kaa la moto mpaka likalainika, akalinyoosha kwa meno, akafumba jicho moja na kulitazama kama anayechungulia tundu la ufunguo. Akalikwangua kwa kigae cha chupa, kidogo tu, akaupiga mshale kwenye mgomba kwa upinde wa mwenye mshale, akaenda kutazama mkia wake umelalia wapi. Umelala kushoto, anakwangua tena. Manyoya aliyafunga kwa uzi na kuyasawazisha kingo kwa ncha ya ukuti unaowaka. Hapo ndipo ile harufu.

Alipotukabidhi, nikalinganisha. Mishale ya Shabani ilikuwa minene, manyoya meupe, na mbele ina chembe, ncha kali za msumari uliopondwa. Miaka ile maduka ya Ikwiriri ndiyo kwanza yanajaa tena, msumari mpya ulikuwa unang'aa kama fedha. Yangu ilikuwa myembamba, manyoya ya kuku mweusi, ncha ya mti uliokaushwa motoni.

"Baba, na yangu misumari?"

"Yako haitaki msumari."

"Kwa nini?"

"We piga kwanza, halafu uje uniulize."

Sikupiga hata mmoja. Kichwani nilishahukumu: mtoto wa mke mdogo kapewa vya dukani, mimi nimepewa mabaki ya kuku. Asubuhi, Shabani aliposhuka mtoni kutawadha, nikavuka migomba, nikapanda dungu lake, nikachukua yake na kumwachia yangu.

Jua halijapanda sana tumbili wakaja. Dume kubwa likakaa kwenye kichuguu ndani ya shamba la mama, likamenya hindi kwa utaratibu kama mgeni aliyekaribishwa. Nikavuta kwa nguvu zangu zote. Mshale ukatoka na kwenda kushoto, ukakwama kwenye mgomba. Wa pili kushoto. Wa tatu nilihamisha shabaha kulia kabisa, ukaanguka njiani kama mlevi. Dume lilinitazama, likachukua hindi lingine. Nikashuka na kurusha mabonge ya udongo huku nikilia kwa hasira, na walipoondoka walikuwa wameshiba.

Ndipo nikasikia Shabani amepiga ukelele, mara moja tu.

Tumbili walikuwa wamehamia kwake. Alikamata mshale bila kuukagua, akauvuta kwa ule upinde wake mgumu, na tete langu jembamba likapasuka. Kibanzi kilimwingia kati ya kidole gumba na cha shahada, kikatokea upande wa pili. Nilipofika alikuwa amekaa chini, amekishika kiganja, na miguuni pake kuna manyoya meusi. Aliyatazama manyoya. Akanitazama mimi.

Baba alipokuja mbio, nilikuwa tayari nimekaza matako kwa fimbo.

"Imekuwaje?"

"Nimevuta kupita kiasi, baba," Shabani akasema. "Na tete lilikuwa bovu."

Mama yangu ndiye aliyemkanda kwa maji ya moto, mama yake akachinja kuku. Na mimi, Mungu anisamehe, nilimwonea wivu hata kile kidonda. Mchuzi wake, mto wake, baba kukaa kitandani kwake akimpepea. Nilitamani kitu kinichome na mimi.

Siku ya tatu baba aliniita migombani. Alikuwa na upinde wangu na mmoja wa ile mishale yangu myembamba. Hakunigombeza.

"Piga."

Ukatoka bila kutikisika. Ukazama katikati ya mgomba, mkia umenyooka.

"Huu na wenzake ilinichukua siku tatu," akasema. "Mkono wako mwepesi na upinde wako laini, tete linataka kuambatana navyo; nene lenye msumari lingekwenda kombo. Ya mwenzako niliimaliza asubuhi moja." Akaondoka zake, akaniacha na mahindi ya mama yaliyoliwa nusu ya shamba. Mwaka ule tulikula ugali wa kuazima kwa mama mdogo, na watu walisema kile kile mama alichokiogopa.

Nilidhani hilo ndilo fundisho, nikalibeba miaka mingi na kulihubiri kwa vijana wangu wa mashine. Lakini nilikuwa nimeshika dogo. Baada ya arobaini ya baba, tumekaa wawili, nilimuuliza Shabani kwa nini hakunitaja siku ile. Akacheka.

"We Bua, ningekutaja, mama yangu angesema mama yako ndiye kakutuma uniue. Wangelala tena kwenye nyumba moja?"

Miaka kumi na mmoja, kibanzi mkononi, na aliwaza hayo! Mimi pale pale nilikuwa nawaza mchuzi.

Leo watu wakigombea mpaka wa shamba, au mume na mke wakirushiana vyombo, wanapita mbele ya nyumba yangu, na taa zangu zote zinawaka, wanakwenda kumwamsha Shabani. Mimi wananijia pia, nisiseme uongo. Wananijia kwa michango.