Chuma Kilichovishwa Kanga

"Mabega ya kuli, viganja vya karani. Huyu kazi yake nini?"

Swali hilo aliliuliza mgambo, uani kwetu Kariakoo, akiwa ameushika mkono wa mjomba kama mtu anayechagua ndizi sokoni. Nilikuwa mtoto, nimekalia mbuzi ya kukunia nazi. Juzi swali limenirudia. Nilipita mtaa wetu karibu na Msimbazi nikakuta nyumba imevunjwa, limesimama ghorofa, na chini yake duka la vifaa vya mazoezi. Kijana wa duka akanisogezea chuma chenye mshikio wa mpira. "Chukua hiki, dada. Hakichubui mkono hata kidogo." Niliondoka bila kuaga.

Labda nawe ulikulia kwenye nyumba kama ile: vyumba sita, ukumbi katikati, na nyuma ua uliogombaniwa na majiko, choo na kamba za nguo. Hapo ndipo mjomba, kitindamimba wa bibi, alipojijengea mwili. Chuma chake kilikuwa bomba la maji la kuokota, na kila upande kopo la rangi lililojazwa zege. Makopo hayakulingana, kwa hiyo bega la kushoto lilitangulia kunenepa mpaka alipojifunza kukigeuza. Akipiga pushapu nilikaa mgongoni mwake, mimi ndiye uzito wa nyongeza, nikinusa jasho lake na mafuta ya nazi.

Akinyanyua chuma hakuna mpangaji aliyeweza kupita.

"We pande la mtu, tupishe, maharage yanaungua!"

"Ukimaliza kubeba hilo, nibebee na debe langu la maji!"

Alicheka, akalibeba na debe. Lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. Mjomba hakuwa na kazi, na miaka ile asiye na kazi mjini alipakiwa kwenye lori akapelekwa shamba. Kuli mmoja jirani alimwambia bandarini hawataki cheti, wanataka mwili. Basi mjomba akautafuta mwili kwa ugali wa unga wa njano na dagaa, wakati sukari yenyewe tunaipangia foleni. "Nikipata kitambulisho cha bandari," alisema, "nani atanigusa?"

Bibi hakumkataza. Alichofanya ni kukivisha chuma kipande cha kanga kuukuu, akakishona kwa uzi wa gunia. Jioni alimpaka mafuta ya nazi viganjani, akavisugua taratibu kama anakanda mtoto mchanga. Mjomba alipotaka kumsaidia kutwanga mchele wa vitumbua, alimnyang'anya mchi.

"Mama, unanilea kama bibi harusi."

"Tulia wewe. Mikono ikichubuka utashikia nini?"

Mgambo walikuja asubuhi, wiki ileile aliyopanga kwenda bandarini. Walimwamkia bibi shikamoo kwa adabu zote, naye akaitikia marahaba kwa sauti iliyokauka. Kisha wakamwambia mjomba afungue mikono. Akaifungua. Viganja viling'aa, havina sugu hata moja. Mgambo akacheka, ndipo akauliza lile swali.

"Anafanya mazoezi," bibi akasema.

"Mazoezi si kazi, mama."

Mjomba alivitazama viganja vyake, akamtazama bibi, kisha akatoka kwenda kwenye lori. Habari zake zilitufikia mara mbili kwa midomo ya wasafiri, zikakatika. Hakurudi. Jioni ya siku ile bibi alikaa chini akafumua uzi kwa wembe, akakivua chuma nguo yake, akaitia kanga kwenye moto wa vitumbua. Nilimuuliza kwa nini. "Maswali yako yatakumaliza, mtoto," akanijibu, na hakunitazama.

Hayajanimaliza. Yamenifikisha chuo kikuu, basi. Miaka mingi niliamini bibi alikosea kwa mapenzi, kama wazazi wengi wanavyokosea, nikaliacha hapo. Sasa ua haupo, wala mlio wa kopo la zege likigonga ukuta na chokaa ikipukutika, wala harufu ya vitumbua alfajiri. Hata makuli wamepungua. Makontena yananyanyuliwa na mashine, na mashine haziulizwi kazi yake nini.

Bibi alikuwa ameshazikwa mama aliponieleza. Babu hakufa kwa homa kama tulivyoambiwa watoto. Alikuwa kuli, na robota la katani lilimwangukia gatini. Enzi za uhai wake, kila asubuhi bibi alimsindikiza mpaka geti la bandari, kwa hiyo alijua mnyapara alianza na nini kabla hajatazama kifua cha mtu. Alimwambia afungue mikono, na mwenye viganja laini alimrudisha nyumbani kwa mama yake.