Anamtafuta Mdudu Anayejifanya Kijiti

Saa mbili asubuhi, na mwamba umeshaanza kuchoma kupitia soli. Mwanamke mmoja amepiga magoti mbele ya kichaka kikavu kwenye mgongo wa mlima, anakagua kijiti kimoja kimoja.

"Shemeji, hata forodhani hawakagui hivyo," anamtania dereva, mdogo wa mumewe.

Kwenye jumba la makumbusho anakofanya kazi wanamwita Mama Lebo. Kwa miaka ishirini na sita amekusanya wadudu wa milima hii ya jangwa, na kila mdudu amemwandikia kikaratasi: tarehe, mahali, urefu kutoka usawa wa bahari.

"Mdudu bila lebo ni takataka," anasema.

Anayemtafuta leo ana mabawa kama ya kereng'ende na vipapasio virefu vyenye vifundo nchani kama vya kipepeo. Huruka jua likizama. Mchana hulala kijitini, tumbo limebenuliwa nje kama tawi lililovunjika. Mama Lebo humwita mwongo.

Miaka kumi na tisa iliyopita aliwakamata saba papa hapa. Kipimo cha urefu alikuwa amekisahau hemani, bondeni. Aliporudi jioni akakisoma, akaandika. Urefu ulioandikwa ukawa wa bondeni penye hema, si wa huku mlimani.

Wataalamu walioifuata lebo walipekua bonde wiki mbili, wakaambulia vumbi. Tangu hapo rekodi ina alama ya kuuliza. Orodha mpya ya wadudu wa milima hii inachapishwa mwishoni mwa mwaka ujao, na mhariri wake mkuu hakumung'unya maneno: asipopatikana mwingine, rekodi inafutwa. Mama Lebo anastaafu baada ya miezi minne. Hii ni safari yake ya mwisho, na leo ndiyo siku ya mwisho ya safari.

"Kosa moja haliachi mke," dereva anamfariji.

"Mke haachwi, shemeji. Rekodi je?"

Inakaribia saa nne kijiti kimoja kinapotikisika bila upepo. Siku hizi ana kanuni: lebo kwanza, mdudu baadaye. Kipimo kinaning'inia shingoni. Anakisoma mara mbili, anaandika kwa penseli bila haraka. Anapoinua wavu, mwongo ameshapaa.

Dereva anashika kichwa. "Shemeji jamani! Si ungemkamata kwanza?"

Mama Lebo anakaa chini, lebo mkononi. Machozi yanamlenga, wala hayafichi.

Kisha anakitazama tena kijiti. Kwenye ncha kuna mayai, safu mbili zilizonyooka, na chini yake uzio mdogo wa mayai yasiyo na watoto, ambao mama mtu huutaga kuzuia sisimizi. Anakata ncha ile taratibu, anaifungia lebo kwa uzi.

Mayai yataanguliwa baada ya siku chache, lakini kuota mabawa huenda kukachukua mwaka mzima. Atawalea nyumbani, wawe ushahidi kabla orodha haijachapishwa. Mumewe, anasema, ameshazoea, atamwachia rafu moja jikoni.

"Mimi nastaafu," anasema akifunika kikasha. "Hawa ndio kwanza wanaripoti kazini."