Mtoto Mbele

Mie sikusoma. Darasa la pili niliwaachia wenyewe. Lakini nyumba ya Tabata nimeijenga kwa jasho langu, na geti la stesheni nimelisimamia tangu hao mabwana waliokuja kutupunguza hawajaota ndevu.

Tulikuwa wanne kwa mageti mawili. Wawili wanatoboa tiketi, wawili wanapanga watu, kwa zamu. Treni ya bara ikikaribia kuondoka, mpangaji kazi yake ya kwanza ni kupaza sauti: "Mama, mtoto mbele!" Kila mwenye mtoto mgongoni anafungua kanga, anamhamishia kifuani, tunampitisha kabla ya wenye magunia. Mtoto wa mgongoni humwoni, na watu husukuma kutokea nyuma. Hakuna mkubwa aliyetufundisha hilo. Tulilikuta kwa waliotutangulia.

Halafu yakaja maneno ya kubana matumizi. Watatu tukaambiwa ahsante. Akabaki kijana mmoja, niliyemfundisha mwenyewe, na geti la pili likapigwa mnyororo.

Siku moja namsindikiza binti yangu, anampeleka mwanawe wa kwanza Tabora akaonwe na baba yake. Foleni imenyooka, nikamwacha hapo nikaenda mbele kumwomba yule kijana afungue geti la pili. Akaniamkia vizuri tu. Akasema ufunguo anao bosi, na bosi hajafika.

Bado tunaongea, treni ikapiga honi. Foleni ikavunjika. Nikageuka, namwona binti yangu kwa mbali, mtoto bado yuko mgongoni. Nikapaza sauti ile ile ya kazini.

"Mzee, si ulishapunguzwa wewe?" akasema mchuuzi mmoja niliyemtobolea tiketi miaka na miaka. "Kaa pembeni, wenye safari wapite."

Watu wakacheka. Binti yangu alinisikia, lakini mikono ilishabanwa, fundo la kanga halifikii. Wakamzungusha, mgongo ukagonga nguzo ya geti. Mtoto akalia, kisha akanyamaza. Kile kimya sikisahau.

Kijana akaacha geti, akaingia mle kwa viwiko, akawatoa wote wawili. Nyuma yake watu wakamiminika bila tiketi. Mtoto alizinduka, mkono umevunjika. Sasa ni mtu mzima, na mkono ule haunyooki.

Nikaenda kwa bosi. Hakuniambia nikae. Akasema, "Abiria wenyewe ndio hawana ustaarabu, mzee." Kijana akafukuzwa kwa kuacha geti na kupitisha watu bure. Mtu aliyemtoa mjukuu wangu pale. Nikauliza, je, angebaki anatoboa tiketi? Bosi akaniambia ana kikao.

Wiki chache baadaye wakatundika kibao juu ya geti: akina mama wabebe watoto kifuani. Getini wakamweka mgeni, peke yake vilevile, na mnyororo uko pale pale. Nilikisoma kibao kile kwa taabu, silabi kwa silabi, na chini yake kina mama wanapita, watoto mgongoni, macho kwenye mizigo yao. Hakuna hata mmoja aliyeinua kichwa.

Basi nikasimama pale, sina sare, sina mshahara, nikaanza kuwaambia. Walikuwa wanafungua kanga, nawaona kwa macho yangu, mpaka askari aliponishika mkono akanitoa nje. Eti nasumbua abiria.