Mkia wa Sajini

Naliaka alikuwa yaya wa Wanjira, binti wa miaka sita, katika nyumba moja kule Muthangari. Kazi aliipata mwaka wa 1971 kwa uongo mmoja: alisema hana mtoto. Mama Wanjira hakuwa na mzaha na jambo hilo. Yaya wawili waliomtangulia walifungashwa virago siku ileile watoto wao walipojulikana. Naliaka alikuwa na Were, wa miaka mitatu, aliyemwacha kwa mamake kule Kimilili, na kila hodi mlangoni ilimshtua moyo.

Wanjira alifuga mijusi kafiri wawili, Sajini na Koplo, ndani ya chupa kubwa ya peremende. Naliaka aliwaogopa kama ukoma. Kwao ilijulikana kwamba mjusi kafiri ana sumu, na anayekula alichokigusa haoni jua likichwa.

Jumamosi moja mvua ilikatika, kumbikumbi wakafumuka ardhini kwa maelfu. Yaya na mtoto wakaketi kibarazani kulisha mijusi. Lakini kumtupia mjusi kumbikumbi wanono namna ile kulimuuma Naliaka, mtu wa Kimilili, ambako kumbikumbi ni kitoweo. Akawa anachambua mabawa na kuwatia bakulini: mmoja wa Sajini, watatu wake mwenyewe, wabichi vivyo hivyo. Wanjira akamshika Sajini mkia. Mkia ukakatika, ukadondokea bakulini. Naliaka, macho yake yako langoni Mama Wanjira asije akamkuta, akachota, akatia kinywani.

Kitu kirefu kikaanza kujinyonganyonga juu ya ulimi.

"Umekula mkia ya Sajini," Wanjira akasema. Aliyemhurumia ni Sajini.

Naliaka alitema, akasukutua kwa sabuni mpaka povu likamtoka puani. Wapi. Ulimi ukawa mzito, jasho baridi likamtiririka. Hofu ilimshika kwelikweli. Akajilaza sakafuni, akamvuta mtoto karibu.

"Leo nakufa, Wanjira. Niko na mtoto huko nyumbani, anaitwa Were. Ambia mama yako asimwache apate shida."

Jua likachwa. Naliaka akabaki hai, tena na njaa. Akajicheka peke yake jikoni, akapakua mukimo, akaupeleka mezani huku akimshukuru Mungu.

"Mama," Wanjira akauliza, "Naliaka akikufa, Were yake atalala kwa kitanda yangu?"

Mama Wanjira akaweka kijiko chini, akageuka polepole kumtazama yaya wake. Naliaka alisimama na bakuli mikononi, akitamani ile sumu ingekuwa ya kweli.