Ndege Amekufa: Na Mama Kulwa kutoka Geita hadi Dar es Salaam

Nilikwenda Geita kumchukua shangazi yangu, Mama Kulwa, nimpeleke Dar es Salaam kwa ndege kabla hajapofuka. Macho yake yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho. Hospitali ya misheni ilimwandikia barua aonane na daktari wa macho, mgeni, ambaye angefanya upasuaji wake wa mwisho siku ya Ijumaa kisha aondoke nchini. Treni isingetufikisha kwa wakati. Wanawe mapacha, Kulwa na Doto, walikata tiketi mbili za ndege ya Jumatano kutoka Mwanza, lakini mama yao akakataa katakata kupanda. Ndipo ukoo ulipokumbuka kwamba Shinyanga yupo kijana anayezijua ndege.

Kuzijua nilizijua. Miaka ile ya mwanzo ya sabini nilikuwa nimetoka Chuo Kikuu na kuanza kufundisha, na katika yote niliyofundishwa kuamini yalikuwa yamebaki machache. Nilibishana na mapadri, nikabishana na wahadhiri, nikabishana na baba yangu mezani. Ndege tu sikubishana nazo. Jumapili wenzangu walipokwenda ufukweni, mimi nilikwenda kusimama kwenye roshani ya uwanja wa ndege. Niliiona Comet, injini zake zimefichwa ndani ya mabawa kama mtu aliyeingiza mikono ndani ya kanzu. Niliiona VC10, mkia wake mrefu na injini nne nyuma kabisa, ikiondoka na kuwaachia kelele zote waliobaki kuaga. Jambo moja sikumwambia mtu: sikuwa nimepanda hata moja.

Jumatatu alfajiri nilitoka chumbani kwangu mtaa wa Kambarage, Shinyanga, nikapata kiti cha dirishani katika basi la Geita. Tinde tulisimama kununua karanga. Kondakta aliniona na kitabu changu cha picha za ndege, akawaambia abiria, "Mwoneni msomi! Yuko ndani ya basi, moyo uko juu."

"Basi lako lingekuwa na mabawa ningelisoma," nilimjibu.

"Mabawa ya nini? Hata milango haifungi!"

Watu wakacheka, nami pia. Baada ya Kahama barabara iliingia msituni, na vumbi likawa zito, jekundu, likielea nyuma yetu bila kutua. Niliegemea dirisha. Kwa muda mrefu niliona miti ya miombo ikirudi nyuma, nikaanza kuhesabu kasi, kisha nikaacha, nikawaza kwamba gurudumu likiinuka kidogo tu, unene wa kiganja, sote na mifuko yetu ya karanga tutakuwa hewani. Sikujua kama nililala au la. Ushirombo mwanamke mmoja aliyetoka kanisani aliingia na kuketi karibu yangu. Alipojua ninakwenda kumpandisha mtu ndege, alinitazama kwa huruma.

"Umebeba rozari?"

"Sijabeba, mama."

"Sasa huko juu mtashika nini?"

Nilimwonyesha kitabu changu cha ndege.

Geita tuliingia jua likizama. Shangazi alikuwa ameketi mlangoni, uso ameuelekeza kwenye sauti ya hatua zangu.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, ng'wanawane, mwanangu. Umetumwa kunidanganya?"

Alikuwa mkulima wa pamba na mihogo, mwembamba, mwenye ulimi mwepesi, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha mtu aliyekipokea ukubwani juu ya Kisukuma. Tulikula ugali na samaki furu wa kukaanga, kisha nikaanza somo langu. Nilimwambia tutapanda Fokker Friendship: bawa lake liko juu ya mwili, kwa hiyo haliwazibii abiria, madirisha yake makubwa ya duara refu kama yai, injini zake mbili zinapiga mluzi mwembamba.

"Huyo ndege, injini moja akikosa?"

"Shangazi, hiyo ndege. Siyo huyo. Huyo ni yule wa mtini."

"Wa mtini anakula. Wa kwako hali?"

"Inakunywa mafuta ya taa."

"Anakunywa, anapiga mluzi, anaruka, halafu unaniambia si huyo!" Alicheka hadi akakohoa. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nisikie. Mimi siogopi kufa. Naogopa kufuata mtu asiyejua njia. Wewe umepanda mara ngapi?"

"Mara nyingi tu," nilisema.

Aliitikia kwa kichwa. "Aliyekwenda akarudi ndiye wa kumfuata. Basi tutakwenda." Nilijilaza usiku ule nikijiambia kwamba uongo ule ulikuwa dawa.

Jumanne tulishuka hadi Busisi na kuvuka kwa pantoni. Ziwa lilikuwa limetulia kabisa, mawingu yamo ndani yake, na pantoni ilipita juu ya mawingu yale polepole. Nilitaka kumwambia shangazi, lakini alikuwa ameinua uso kwenye upepo, amefumba macho ambayo hata hivyo hayakumwonyesha kitu zaidi ya mwanga. Tulilala Mwanza kwa jamaa wa Doto.

Jumatano saa mbili asubuhi tulikuwa uwanjani. Abiria tulikuwa kama thelathini, wengi wafanyabiashara na watumishi wa serikali. Karani, kijana wa kule Sengerema kwa matamshi yake, alitoka ofisini akiwa na karatasi, akasema, "Ndugu abiria, samahani. Ndege amekufa."

Watu waliguna. Mimi nilitabasamu. Niliwaeleza walio karibu, kwa sauti ya darasani, kwamba amegongwa ndege wa ziwani, korongo huenda, na wanasafisha njia. Ingekuwa ni mashine, karani angesema imekufa.

Shangazi alinivuta shati. "Huyo kijana kwao ni kwetu. Anasema kama mimi. Aliyekufa ni ndege wa kupanda."

"Hapana, shangazi. Sarufi haidanganyi."

"Nenda kaulize."

"Hakuna haja."

Nilifungua kitabu changu. Karibu nasi watu walikuwa wakiinuka mmoja mmoja na kwenda dirishani kwa karani. Nilidhani wanauliza kuhusu mizigo. Saa nne nilikwenda nami. Karani alinishangaa. Fokker ilikuwa imeharibika injini huko ilikolala, haiji. Dakota, ndege ndogo ya zamani, ilikuwa njiani kuja badala yake, lakini Dakota hubeba wachache, na nafasi zote zilikuwa zimeandikwa.

"Lakini ulisema amekufa!"

"Sasa kaka, amekufa si amekufa?"

Nilirudi kwa shangazi. Kesho ingekuwa Alhamisi na hakukuwa na ndege. Keshokutwa daktari angemaliza upasuaji wake, aanze kufungasha. Nilimwambia yote. Hakunisuta. Alisema tu, "Nipeleke kwa huyo mtoto."

Walisalimiana kwa Kisukuma, wakaulizana habari za nyumbani kwa kirefu, hadi karani akapata kumjua mama mmoja wa ukoo wetu aliyeolewa karibu na kwao. Lakini nafasi haioti kwa salamu. Akatuambia tusimame karibu na mlango, huenda mtu akaghairi.

Saa sita kasoro Dakota ilikuja. Niliisikia kabla sijaiona, ngurumo ya chini, isiyo na haraka. Iligusa ardhi kwa magurudumu ya mbele, ikashusha mkia taratibu, ikasimama ikiwa imeinua pua. Ilikuwa imenizidi umri. Rangi imepauka, na chini ya injini moja mafuta yalikuwa yamechora mchirizi mweusi hadi kwenye bawa. Kwenye vitabu niliipenda kuliko zote. Wafanyabiashara wawili waliutazama mchirizi ule, wakatazamana, wakarudisha karatasi zao.

"Mama Kulwa!" karani aliita. "Wawili! Haraka!"

Hapo ndipo mimi niliposhindwa kutembea. Nilijua mengi mno: nilijua injini zile huvuja mafuta hata zikiwa nzima, na nilijua pia kwamba kujua hivyo hakukunisaidia. Shangazi, aliyekuwa ameshika kiwiko changu, alihisi nimegoma.

"Kuna nini?"

"Shangazi, nilikudanganya. Sijawahi kupanda."

Alisimama. Karani aliita tena. Nilidhani atageuka arudi Geita, na macho yake yangebaki hivyo, na kosa lingekuwa langu lote.

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

"Mwongo wewe! Na chuo kikuu chote kile!" Kisha akakiachia kiwiko changu, akakikamata kiganja, kwa nguvu, kama anavyokamatwa mtoto sokoni. "Mimi simwoni, kwa hiyo hanitishi. Njoo. Ngazi iko wapi? Sema tu kushoto au kulia."

"Mbele. Kulia kidogo."

Akapanda kwanza. Ndani, sakafu ilikuwa na mwinuko kwa sababu ya mkia kukaa chini, tukakwea kama watu wanaopanda kilima. Injini zilikohoa moshi wa buluu, zikashika. Nilifumba macho. Nilipoyafumbua, ziwa lilikuwa limelala upande mmoja.

Baada ya hapo sikumbuki kuogopa. Dakota haiendi juu sana, inaogelea. Kivuli chetu kilipita juu ya mashamba ya pamba, juu ya ng'ombe, juu ya mawe makubwa ya Usukuma, bila kugusa kitu.

"Weupe huu ni nini?" shangazi aliuliza, uso karibu na kioo.

"Mawingu."

"Yako wapi?"

"Chini yetu."

"Basi mvua ni ya wengine."

Tulifika Dar es Salaam jioni. Alhamisi alipimwa, Ijumaa akapasuliwa jicho la kulia. Siku bandeji ilipotolewa alinitazama kwa muda mrefu, akasema nimekonda na nyusi zangu ni za marehemu babu, jambo ambalo hakuna aliyewahi kuniambia.

Tulirudi baada ya wiki mbili, safari hii kwa Fokker yenyewe. Nilimpa kiti cha dirishani. Ilipopiga mluzi na kuinuka, ardhi nzima ikajaa ndani ya lile yai la kioo, na mimi nikainama nianze kumwonyesha: mto ule, reli ile, kwa nini bawa liko juu, kwa nini masikio yanaziba. Alinyoosha kiganja bila kugeuka.

"Nyamaza kwanza, niangalie."

Nikanyamaza. Nikaangalia nami, juu ya bega lake, nchi ambayo nilikuwa nimeijibia maswali yake yote bila kuitazama. Hadi magurudumu yanagusa ardhi ya Mwanza, sikuwa nimemweleza kitu chochote.