Neno la Siri la Laptop Yangu Simpi Mume Wangu

Admin, jina langu lifiche, ila kisiwa usikifiche. Niko Mafia, hapa hapa Kilindoni. Nina miaka thelathini na tatu, mke wa mtu mwaka wa kumi huu, watoto wawili. Najua wapo watakaonisoma ili wanisengenye. Sengenyeni tu, nimeshasemwa na watu ninaokula nao sahani moja.

Kazi yangu ni kupiga video za harusi upande wa wanawake. Asiyejua aelewe: kwetu wanawake wakishaingia ndani kwenye singo, yaani kumsugua bibi harusi manukato, au siku ya kumtoa, mlango unafungwa, simu zote zinawekwa kwenye beseni pale mlangoni, na mama mmoja anakaa kuzilinda. Mabuibui yanavuliwa. Watu wazima wanaoheshimika barabarani wanacheza mpaka mitandio inadondoka. Kamera inayobaki ndani ni yangu tu. Nikirudi nyumbani naihariri video kwenye laptop yangu, ambayo niliinunua kwa pesa ya mwani nilioufunga kambani baharini kwa mikono yangu mwenyewe, kisha namkabidhi mwenye harusi flashi yake mkononi, nakala inabaki kwenye laptop tu. Miaka sita hakuna mwanamume aliyeona hata kisigino.

Mwaka jana laptop ikawa nzito. Windows yake ya zamani, na flashi za watu zilishaijaza virusi. Mimi nilikuwa Ndagoni namuuguza mama. Mume wangu, kwa nia njema kama anavyosema, akaichukua akaipeleka kwa fundi. Mwanamume. Ikakaa huko siku tatu. Niliporudi nikaikuta mezani imefutwa vumbi, nikamshukuru, mjinga mimi.

Wiki ya pili kipande cha video kikawa kinatembea kwenye simu za vijana. Alikuwemo mama wa bibi harusi mmoja, nitamwita Bi Mkubwa, mtu wa makamo anayewafundisha watoto wetu Kurani. Anacheza, kichwa wazi, siku ya furaha ya binti yake. Alikuja kwangu kwa miguu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akakaa mkekani. Hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, mimi simu yangu niliiacha kwenye beseni." Nililia mbele yake kama mtoto, na mpaka leo nikikumbuka naumia upya.

Fundi alikana. Mume wangu akasema, "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo." Sawa, nikayaganga. Niliapa mkono wa mwanamume haugusi tena mashine ile, nikampigia shoga yangu anayefundisha kompyuta Tanga. Akaniambia, "Weka Linux badala ya hiyo Windows, na uiweke mwenyewe. Ila usikurupuke, kaa na daftari kwanza uamue."

Nikakaa na daftari. Windows ibaki pembeni au ifutwe yote? Ifutwe, maana sijui fundi aliacha nini humo. Video za watu nizinakili kwanza kwenye diski ya nje, nifungue moja moja nione zinacheza, ndipo nifute. Programu yangu ya kuhariri huko Linux haipo, ipo nyingine, na hiyo nimeshaijaribu huku huku kwenye Windows wiki mbili mpaka nikaizoea. Linux zenyewe ziko nyingi mno, zilinitia kizunguzungu siku kadhaa. Nikachagua moja nyepesi, ya wanaoanza, nikaiwasha kutoka kwenye flashi bila kuiweka kabisa ili nione kama sauti na intaneti vitakubali. Vikakubali. Umeme wetu mnaujua unavyokatika, kwa hiyo nitaanza betri ikiwa imejaa.

Likabaki moja. Wakati wa kuiweka utaulizwa kama diski yote ifungwe kwa neno la siri. Ukiifunga, asiye na neno haoni kitu, hata aichomoe diski aende nayo. Lakini ukilisahau hakuna wa kukufungulia. Hapo niliandika NDIYO kwa herufi kubwa. Mume wangu akalisoma daftari.

"Mama watoto, hilo neno na mimi nitalijua?"

"Hapana."

"Mke na mume wanafichana nini?"

Nikamwambia, "Baba watoto, simu yangu ile pale, ifungue usome mpaka uchoke. Mimi ni halali yako. Wale wanawake si wake zako."

Akanuna siku mbili, kisha akatoa amri: mpaka Ijumaa jioni, ama apewe neno, ama kazi niiache na laptop aiuze. Mama mkwe naye kaongeza lake, eti mwanamke anayefunga kompyuta keshaficha bwana humo. Bwana gani huyo anayeenea kwenye laptop, sijui.

Shoga yangu alinionya kwamba lazima awepo mtu wa pili mwenye neno, nisije nikafa na harusi za watu. Juzi nikaliandika kwenye karatasi, nikaifunga ndani ya bahasha, nikampelekea Bi Mkubwa. Akaigeuzageuza, akaitia kifuani. Akasema, "Mfungo mosi, tukishakula Idi, namwoza mdogo wake yule bibi harusi. Njoo na kamera."

Basi msinishauri nimpe mume wangu neno, hilo nimeshalimaliza. Wala msiniambie niachike, si mtu mbaya, ananipenda na mimi nampenda. Ila kazi siachi, na kuuza hauzi.

Ninachouliza ni hiki. Kesho ndiyo Ijumaa. Niiweke Linux peke yangu wakati yeye yuko msikitini, akirudi aikute imeshafungwa? Au nimsubiri arudi, nimwekee kiti ubavuni kwangu, aone kila ninachobonyeza, na tukifika kwenye neno aone vidoti tu vikijipanga? Baba watoto, najua ukurasa huu unausoma ukinywa chai. Na wewe sema, nikuwekee kiti?